Ankara bila karatasi: shajara ya mradi katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam

Kabla ya kuanza: kufuata karatasi

Kampuni inauza saruji, nondo, mabomba na rangi kwa jumla, ghala likiwa kando ya Barabara ya Nyerere. Wateja wakubwa ni wakandarasi na hoteli wanaochukua mzigo kwa mkopo, kwa hiyo karibu kila gari linalotoka getini linaacha nyuma ankara inayosubiri kulipwa. Lengo la mradi: ankara na risiti yake ya kodi vimfikie mteja, vikubaliwe, vilipwe na vitunzwe bila kuprintiwa, kwetu wala kwake. Karatasi iliyohama kutoka printa yetu kwenda printa ya mteja haijapunguza chochote, kilichobadilika ni nani ananunua rimu.

Ndiyo maana programu imewekwa kando kwanza. Ankara moja ya kawaida imefuatwa tangu LPO (oda ya maandishi ya mteja) inapoingia hadi malipo yanapoonekana benki, na kila mahali inapozaa karatasi pameandikwa. Ankara yenyewe ni A4 nakala tatu: ya mteja, ya uhasibu, ya stoo. Hati ya mzigo inatoka kwenye kitabu cha A5 cha karatasi za kujinakili: nyeupe, pinki na njano. Risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, inatoka mara mbili. Kisha kuna A4 ya fotokopi ya risiti hiyo ya EFD.

Fotokopi hiyo huwa haihesabiwi kabisa, na inastahili maelezo. Karatasi ya EFD haitumii wino. Imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuiamsha, mara nyingi bisfenoli A (BPA) au ndugu yake bisfenoli S (BPS). Kichwa cha printa kikiipasha joto, viwili hivyo huyeyuka, huchanganyika, maandishi hutokea. Jua, mafuta ya mikono na plastiki laini ya mifuko ya faili huyafuta. Joto kali huigeuza karatasi nzima kuwa nyeusi, kama risiti iliyosahaulika juu ya dashibodi. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, karatasi hiyo haifiki huko, kwa hiyo wahasibu huitoa kopi siku ileile. Tunaprinti karatasi isiyodumu, halafu tunaprinti nyingine ya kuitunza.

Hesabu kwa kila ankara 1,000

Hesabu inafanywa kwa uzito. A0 ni mita moja ya mraba, A4 ni sehemu ya 16 ya A0, kwa hiyo A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Yeyote anaweza kuihakiki kwenye mizani ya jikoni.

Nakala tatu za ankara: kilo 15. Hati za mzigo: A5 ya gramu 55 ni gramu 1.7, mara tatu, kilo 5.1. Risiti za EFD: roli ya upana wa milimita 80, urefu wa sentimita 25, karatasi ya gramu 55, inakuja gramu 1.1 kwa risiti. Nakala mbili ni kilo 2.2. Fotokopi: kilo 5. Jumla kilo 27 na ushei. Kutengeneza kilo moja ya karatasi ya ofisi hutoa takriban kilo moja ya hewa ya ukaa, ikipanda au kushuka kulingana na nishati ya kiwanda. Tunaandika kilo 27.

Kisha bodaboda. Mzigo unashushwa saiti Kigamboni, mlipaji yuko ofisini Mikocheni. Tarishi anapeleka ankara, zinagongwa muhuri wa kupokelewa, anarudi na nakala. Safari ya kilomita 20 kwenda na kurudi, kwa pikipiki inayokula lita 2.5 kwa kilomita 100 kwenye foleni, ni nusu lita. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo safari moja ni kilo 1.15. Ikibeba ankara tano kwa wastani, ankara 1,000 ni safari 200, lita 100 za petroli, kilo 230.

Kilo 230 dhidi ya 27. Petroli inazidi karatasi zaidi ya mara nane, na hakuna anayeizungumzia kwa sababu haionekani mezani. Mpango mzima umepangwa upya kwa hesabu hii: tunaanza na wateja ambao ofisi zao ziko mbali na saiti zao, hata kama idadi ya ankara zao ni ndogo. Ankara inayosafiri ndani ya gari la mzigo, ambalo lilikuwa linakwenda hukohuko, haiokoi hata tone la mafuta ikigeuka PDF. Hiyo inahesabiwa karatasi tu.

Hatutaandika idadi ya "miti iliyookolewa" katika ripoti yoyote. Mti mmoja unatoa karatasi kiasi gani hutegemea aina yake, umri wake na jinsi kiwanda kinavyopika nyuzi zake. Namba moja inayofaa kote haipo. Kilo za karatasi na lita za petroli zinatosha, na mkaguzi anaweza kuzifuatilia hadi kwenye ankara za manunuzi.

Juma la 1 na la 2: VFD

Mashine ya EFD hutoa karatasi hata usipoitaka: risiti, nakala ya muuzaji, ripoti ya Z ya kufunga mauzo ya kila siku. VFD, yaani EFD isiyo na mashine, hufanya kazi hiyohiyo kwa programu. Inasajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato), inapewa cheti, inasaini kila risiti na kuituma kama faili ya XML, inayosomwa na kompyuta. Kampuni isiyo na mtu wa programu itumie mtoa huduma aliyeidhinishwa na TRA. Anayejiunganisha mwenyewe akae macho kwenye kaunta, yaani namba zinazohesabu risiti.

Kila risiti hubeba kaunta mbili. GC, ya jumla, inaanza siku ya usajili na hairudi nyuma kamwe. DC, ya siku, inaanza upya kila siku. Namba ya Z ni tarehe yenyewe, mwaka-mwezi-siku, bila nafasi. Namba ya uhakiki huundwa na herufi zilizotolewa wakati wa usajili zikifuatwa na GC, na msimbo wa QR unabeba anwani ya verify.tra.go.tz pamoja na namba hiyo na muda wa risiti. Kitu kimoja kikikosewa, mteja akiskani anaambiwa risiti haipo, anapiga simu, na kesho yake anataka karatasi.

Hatari kubwa ni mtandao kukatika katikati. Risiti imetumwa, jibu halijarudi. Programu iliyoandikwa kwa pupa hutengeneza risiti mpya yenye GC mpya na kutuma tena. Mauzo mamoja yanakuwa yametangazwa mara mbili, na VAT yake inadaiwa mara mbili. Kanuni tuliyoweka: GC ikishapewa ankara imefungwa nayo. Kinachorudiwa ni kutuma, XML ileile, sahihi ileile. Risiti zinakaa kwenye foleni kwa mpangilio wa GC, na foleni ikikwama zaidi ya nusu saa msimamizi anapata SMS.

Saa ya seva nayo. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, saa tatu nyuma yetu. Mzigo wa usiku ukitoka saa saba, seva inaona ni saa nne usiku wa siku iliyopita, risiti inaingia kwenye Z ya jana. Seva imewekwa saa za Afrika Mashariki na inajisawazisha na saa ya mtandao.

Upande wa karani, tatizo ni sehemu ya kitambulisho cha mteja. Namba 1 ni TIN (namba ya mlipakodi), namba 6 ni "hana". Foleni ikiwa ndefu kidole hukimbilia 6. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT akipokea risiti isiyo na TIN yake hawezi kuitumia kudai kodi aliyolipa, ataikataa, na marekebisho yatazaa makaratasi na safari zaidi kuliko mwanzo. Kwa wateja wote wa mkopo, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) zimefungwa kwenye rekodi ya mteja. Karani hana namba 6 ya kuchagua.

Juma la 3: PDF yenyewe

Ankara ya zamani ilikuwa na masharti ya mauzo chini, kisha akaunti za benki, na mstari mmoja wa mwisho ulikuwa ukiangukia ukurasa wa pili. Mteja mmoja akiiprinti ni karatasi mbili. Masharti yamehamishiwa kwenye mkataba wa mkopo, mwandiko umepunguzwa hadi pointi 9, na sasa mistari 25 ya bidhaa inaenea ukurasa mmoja. Kichwa cha bluu kilichojaa upana wote kimeondolewa, kilikuwa kinamaliza tona bure. Msimbo wa QR una sentimita 2.5 kila upande, na ukingo mweupe kuuzunguka. Ukiubana na mstari wa jedwali, simu za bei ndogo hazisomi.

PDF izaliwe kwenye mfumo. Ankara iliyoprintiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi, inaweza kufika megabaiti 2. Iliyozaliwa kwenye mfumo ni kilobaiti 60 hivi, unaweza kutafuta neno ndani yake, na namba zinanakilika bila kukosewa. Mtindo huu wa kuprinti, kugonga na kuskani ni mbaya kuliko karatasi yenyewe, maana unabeba gharama ya pande zote mbili. Chanzo chake ni muhuri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua rekodi na sahihi za kielektroniki, na uhalali wa risiti ya kodi unahakikiwa kwa QR. Kitufe cha kuprinti ankara kimeondolewa kwenye skrini za makarani. Kimebaki kwa msimamizi, na kila anapokitumia anaandika sababu.

Kutuma: barua pepe moja, ankara moja. Kichwa cha barua kinaanza na namba ya ankara, kisha LPO. Rekodi za SPF na DKIM za jina la kikoa, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, zimewekwa kabla ya barua ya kwanza kutoka, la sivyo ankara zinaishia kwenye barua taka na mteja anaapa hajapata kitu. Anayetaka WhatsApp anatumiwa PDF kama faili. Ikitumwa kama picha, WhatsApp inaibana, msimbo wa QR unakuwa ukungu, hauskaniki.

Juma la 4 hadi la 7: kwa wateja

Hapa ndipo mradi wa aina hii hufia. Upande wa mtumaji unakamilika kwa majuma machache. Upande wa mpokeaji una mazoea ya miaka. Kumtumia mteja PDF bila kuuliza kwa nini anaprinti ni kumhamishia gharama.

Sababu zilizopatikana kwa kukaa na wahasibu wa wateja ni chache na zinajirudia. Mhasibu anaprinti ili aweke ankara, LPO na hati ya mzigo pamoja kwa pini, alinganishe mstari kwa mstari. Anaprinti ili meneja asaini. Anaprinti kwa sababu mkaguzi wa mwaka jana aliomba faili.

Kwa kulinganisha, dawa ni kumpa vyote vitatu katika PDF moja: ukurasa wa kwanza ankara, wa pili LPO aliyotuma mwenyewe, wa tatu hati ya mzigo yenye sahihi ya mpokeaji. Mistari ya ankara inafuata mpangilio wa mistari ya LPO, na majina ya bidhaa ni yale aliyoyatumia yeye. Kama LPO inasema "bomba la nusu inchi", ankara isiandike "bomba PPR 20 mm" peke yake. Yaandikwe yote mawili. Jambo hili dogo limeondoa printi nyingi kuliko barua zote za kuhimiza.

Kwa sahihi ya meneja, barua pepe ya kuidhinisha ikijibiwa juu ya ankara ileile inatosha, mradi sera ya mteja ya malipo iseme hivyo. Sentensi tatu zilizopendekezwa kwa wateja zinataja nani anaidhinisha, kiwango chake mwisho ni kiasi gani, na kwamba jibu la barua pepe kutoka anwani yake ya kazi ni idhini. Wateja wakubwa wamehitaji hadi kikao cha bodi kuzikubali. Tuwe na subira nao.

Anwani ya kupokea iwe ya idara ya malipo. Ankara zikienda kwa jina la mtu, akienda likizo zinalala, wakati wa kulipa unapita, na hatua ya kwanza ya kila mtu ni kumtuma bodaboda na nakala ngumu.

Juma la 6: hati ya mzigo

Imekuwa ngumu kuliko ankara. Inasainiwa juani, kwenye vumbi la saruji, na mtunza stoo ambaye bando lake limeisha. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye simu ya dereva: mpokeaji anasaini kwa kidole, picha ya mzigo uliopangwa inapigwa, eneo linarekodiwa, na namba ya siri ya tarakimu nne iliyotumwa kwa SMS kwenye simu ya mtunza stoo inaingizwa kama uthibitisho. SMS haihitaji bando. Penye mtandao hafifu, fomu inakaa ndani ya simu na kupanda yenyewe gari likirudi barabarani.

Risiti ya kodi lazima iwe na mzigo njiani, maana maofisa wa TRA wanaweza kusimamisha gari na kuidai. PDF inapakuliwa kwenye simu kabla ya geti kufunguliwa. Kutegemea kuifungua barabarani ni kujitafutia faini. Kila gari lina chaja. Magari ya mikoani bado yanabeba A4 moja ya akiba, na hatuoni haya kuiacha hivyo: karatasi moja kwa safari ya Dodoma ni kitu kidogo kuliko gari kuzuiwa.

Tofauti ya kiasi ndiyo inayovuruga. Mifuko 200 ya saruji imetoka, mitatu imepasuka njiani. Risiti imeshakwenda TRA ikiwa na 200. Utaratibu: mpokeaji anaandika 197 mizuri na 3 mibovu kwenye simu, mitatu inafidiwa kwenye mzigo unaofuata kwa hati ya mzigo tu, risiti haiguswi. Dereva akiandika 200 kwa makubaliano ya mdomo, mhasibu wa mteja atazuia ankara nzima kwa ajili ya mifuko mitatu.

Juma la 8: kaunta na rimu

Idadi ya ankara zilizotumwa kwa barua pepe haipimi chochote cha mazingira. Vipimo vinavyokubaliwa hapa ni vitatu: kaunta ya kurasa ya kila printa, inayosomwa kwenye menyu ya mashine siku ya kwanza ya mwezi, rimu na roli zilizonunuliwa, na lita za petroli za tarishi kwa risiti za kituo cha mafuta.

Kaunta ya uhasibu imeshuka vizuri. Ya stoo haijashuka. Sababu imepatikana kwenye mipangilio: programu ya kuendesha printa ya stoo ilikuwa bado inaprinti hati ya kupakia nakala mbili kiotomatiki kila oda ikiidhinishwa, urithi wa mfumo wa zamani, na wapakiaji walikuwa wakizitupa. Imezimwa, oda za kupakia zinaonekana kwenye kishikwambi kilichofungwa ukutani.

Upande wa manunuzi, oda ya kudumu ya maboksi ya rimu imepunguzwa. Karatasi ikijaa stoo hutafutiwa kazi.

Hifadhi: kwa kilobaiti 60, ankara 1,000 ni megabaiti 60, hata laki moja ni gigabaiti 6. Nakala tatu za A4 za ankara hizo 1,000 zinakaa kwenye sentimita 30 za rafu na kuhitaji chumba kisicho na unyevu wala mchwa, jambo gumu kwa jengo la Dar. PDF na XML vinatunzwa pamoja sehemu mbili tofauti, na kila mwezi ankara chache huchaguliwa bila mpangilio, zinarudishwa kutoka nakala rudufu na QR zake kuskaniwa. Nakala rudufu isiyowahi kujaribiwa ndiyo humfanya mhasibu mwenye busara aprinti kila kitu.

Makaratasi na vifaa vya zamani

Faili ambazo hazijafika miaka mitano haziguswi, hata kama zimeskaniwa. Zilizopita zinasagwa kwanza, ndipo ziuzwe kwa wakusanyaji. Ankara nzima za wateja, zenye majina, TIN na simu, zimekuwa zikiishia kufungia karanga barabarani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023 hilo si uzembe mdogo tena.

Karatasi za EFD zinatengwa. A4 iliyosagwa inaweza kuwa trei za mayai au karatasi za chooni. Karatasi ya EFD ikichanganywa humo, BPA au BPS yake inahamia kwenye bidhaa mpya. Umoja wa Ulaya ulibana BPA kwenye karatasi hizi kuanzia Januari 2020, kikomo kikiwa asilimia 0.02 kwa uzito, na viwanda vingi vikahamia BPS, kwa hiyo roli iliyoandikwa "haina BPA" nayo inatengwa. Isichomwe uani.

Mashine za EFD haziuzwi wala kutupwa kabla TRA haijazifunga kwenye mfumo wake. Betri zinatolewa. Mashine, printa za zamani na katriji za tona zinakwenda kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC (baraza la mazingira), na hati yake ya kupokea inaingia kwenye faili la mradi. Ukiokoa karatasi na kumwaga tona kwenye dampo la Pugu umehamisha uchafu mahali pengine.

Yaliyobaki

Wateja wadogo wa kaunta, mafundi hasa, wengi hawana barua pepe na baadhi wana simu za batani. Kwao inajaribiwa SMS yenye jumla ya malipo, namba ya uhakiki na muda wa risiti, ili yeyote mwenye intaneti aweze kuihakiki TRA. Anayeomba karatasi anapewa nakala moja badala ya mbili. SMS ikivuka herufi 160 inahesabiwa ujumbe wa pili, kwa hiyo jina la kampuni limefupishwa.

Safari za tarishi zimebaki kwa wateja wanaolipa kwa hundi, kwa kuwa lazima hundi ifuatwe. Kazi ya mwezi ujao ni kuwahamishia kwenye malipo ya benki kwa mtandao, tukianza na wawili walio Tegeta.